Ritifaa ya Ng'ambo

Mtu akisimama Darajani akauelekeza uso wake mashariki, ataupa mgongo Mji Mkongwe na majumba yake ya mawe na chokaa, na mbele yake, ng'ambo ya barabara ipitayo pale palipokuwa zamani na mkono wa bahari kabla haujafukiwa, ataiona mitaa ambayo watu wameiita Ng'ambo tangu siku za kuvuka daraja, jina ambalo halikutungwa na mpima ramani wala mtawala, lililotoka katika vinywa vya waliokuwa wakienda na kurudi kila siku kutafuta riziki zao. Ni jina la silabi mbili tu, na hakuna mtoto wa Unguja ashindwaye kulitamka. Walakini jina hili, kama tuliandikavyo katika madaftari ya skuli, haliwezi kuandikwa katika jina la anwani yoyote ya intaneti. Atakayetaka kuwafungulia wakaazi wa mitaa hiyo tovuti yenye jina lao atalazimika kuandika ngambo, na msomaji atakayeisoma imla hiyo kwa haki yake atatia g ngumu pasipokuwa na g, na tofauti hiyo si ya kudharauliwa, maana lugha yetu yenyewe imeifanya mpaka wa maana: kung'oa ni kukitoa kitu na mizizi yake, ilhali ngoa ni ile tamaa au wivu ambao mtu huambiwa ameutimiza apatapo alichokitamani.

Alama ile ndogo inayotenganisha maneno haya mawili huitwa ritifaa, nami nimeifanya mlango wa kuingilia katika suala ambalo ni pana kuliko alama yenyewe, yaani suala la programu za kompyuta kuyakubali majina ya vikoa yaliyoandikwa kwa lugha na hati za wenyeji. Wataalamu wetu walilichagua neno kikoa kuwa jina la eneo la majina katika intaneti, na mimi naliona neno hilo limebeba hekima zaidi ya waliyoikusudia. Kwani wazee wetu walipokula kikoa, kila nyumba ilipika kwa zamu yake na wote wakala pamoja, na siku ambayo nyumba moja haikupika, haikulala na njaa peke yake. Mambo ya majina ya mtandaoni ndivyo yalivyo. Jina moja, kabla halijamfikia alikusudiwaye, hupita katika mikono ya programu nyingi zisizojuana, na moja tu kati yao ikilikataa, kazi ya zote nyingine imepotea.

Tuanze na asili ya kizuizi. Mfumo wa majina ya intaneti ulibuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris akishirikiana na Jon Postel huko Marekani, wakati ambapo mashine zilizounganishwa zilikuwa chache na takriban wote waliozitumia walijua Kiingereza. Kanuni zilizoandikwa mwaka 1985 na kuthibitishwa mwaka 1987 ziliruhusu katika jina la mashine herufi a hadi z, tarakimu 0 hadi 9 na kistari, basi. Hapakuwa na dhamira ya kumnyima mtu haki yake. Palikuwa na wahandisi waliotumia alfabeti iliyokuwa mezani kwao, wakataka mashine zao zielewane kwa njia iliyo rahisi kabisa. Lakini jambo lililoamuliwa kwa urahisi wa watu wachache huweza kuwa sheria juu ya wengi, na miaka michache baadaye intaneti ilipoanza kuenea kwa Waarabu, Wachina, Wahindi, Warusi na Wahabeshi, alfabeti ile ya mezani ilikuwa imeshakuwa msingi wa nyumba, na msingi haubadilishwi watu wakiwa ndani.

Njia iliyopatikana ni ya werevu mkubwa. Badala ya kubadilisha mashine zote, wahandisi walikubaliana mwaka 2003, na wakasahihisha makubaliano yao mwaka 2010, kwamba jina lililoandikwa kwa hati yoyote litafasiriwa kuwa mfululizo wa herufi zile za zamani, ukitanguliwa na alama xn--, kisha programu iliyo mbele ya msomaji ilirudishe jina katika sura yake ya asili. Kwa hiyo Misri ilipopata kikoa chake kwa Kiarabu mwezi wa Mei 2010, pamoja na Saudia na Falme za Kiarabu, jina مصر lilisajiliwa ndani ya mitambo kwa sura ya xn--wgbh1c. Na Oman ilipopata lake mwaka 2012, عمان ikawa xn--mgb9awbf. Mwaka 2013 vikoa vya kwanza visivyo vya nchi katika hati zisizo za Kilatini vilipoingizwa katika shina la intaneti, yaani orodha kuu ya vikoa vyote, kimojawapo kilikuwa شبكة, neno la Kiarabu lenye maana ya wavu au mtandao. Wazanzibari wenye jamaa zao Maskati watafahamu uzito wa jambo hili: mtu wa Oman anaweza leo kuisoma anwani nzima katika hati ileile ambayo babu yake wa Unguja aliandikia barua.

Hapo ndipo wengi husimama na kudhani kazi imekwisha, na hapo ndipo mimi naona inaanza. Jina kukubaliwa na sajili si sawa na jina kukubaliwa na programu. Wanaoshughulika na suala hili, waliojikusanya tangu mwaka 2015 katika kundi la kimataifa la kupigania ukubalifu huo na ambao kuanzia 2023 wameitenga siku ya mwezi wa Machi kwa ajili yake, wameigawa kazi ya programu katika vitendo vitano: kulipokea jina, kulihakiki, kulihifadhi, kulichakata na kulionyesha. Fomu inaweza kulipokea jina vizuri na hazina ya kumbukumbu ikaliharibu. Hazina inaweza kulihifadhi salama na ukurasa ukalionyesha kwa alama za kuuliza. Na yote yanaweza kwenda sawa mpaka barua pepe ifike kwenye seva ya mwisho isiyoyajua majina ya namna hiyo, ikarudishwa kwa aliyeipeleka. Kanuni za barua pepe zenye anwani za hati zote zilitimia mwaka 2012. Gmail ilianza kuzipokea na kuzipeleka barua za namna hiyo mwaka 2014, na Postfix, programu inayoendesha seva nyingi za barua duniani, ikafuata mwaka 2015. Tangu hapo mlango umekuwa wazi kisheria, na bado mtu mwenye anwani ya Kiarabu au ya Kihabeshi hawezi kuwa na hakika kwamba fomu ya kwanza atakayokutana nayo itamkubali.

Wala asidhani mtu kwamba balaa hili ni la wenye hati za kigeni pekee. Kikoa cha africa, ambacho kimeandikwa kwa herufi sita zisizo na alama yoyote, kilipofunguliwa kwa watu wote mwaka 2017, kilikuta programu zilizofundishwa zamani kwamba mkia wa anwani ni wa herufi mbili au tatu, kama vile tz na com, au nne zikizidi. Mwenye anwani ya namna hiyo akajaza fomu, na fomu ikamjibu kwamba anwani yake si sahihi. Kosa halikuwa katika herufi. Lilikuwa katika mazoea ya mwandishi wa programu aliyehesabu majina aliyoyajua yeye, akafanya idadi hiyo kuwa mpaka wa dunia.

Nakumbuka asubuhi moja katika steshenari, hapo karibu na soko la Darajani, ambapo watu wasio na kompyuta nyumbani huja kujaziwa fomu zao. Mzee mmoja aliyevaa kanzu na kofia ya vito alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, na kijana wa steshenari akimuuliza: "Babu, anwani ya nyumbani?" Mzee akajibu, "Ng'ambo, mwanangu." Kijana akaandika kama alivyofundishwa skuli, akabonyeza, na maandishi mekundu yakatokea chini ya sanduku kusema kwamba kuna alama isiyoruhusiwa. Hakusita wala hakushangaa; aliifuta ritifaa kwa kidole kimoja, kama mtu anayefuta vumbi, akaendelea na sanduku lililofuata. Mzee hakujua kwamba mtaa wake umebadilishwa jina mbele ya macho yake. Fomu hiyo ilikuwa ya Kiswahili kutoka juu mpaka chini.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu kukataliwa huko hakuna sheria nyuma yake. Katika jina la kikoa ni kweli ritifaa ya kawaida haina nafasi, na hilo tutalirudia. Lakini kwenye uwanja wa jina la mtu au la mtaa hakuna kanuni ya intaneti inayoizuia, na hata katika barua pepe, sehemu ile iliyo kabla ya alama ya @ iliruhusiwa kuwa na ritifaa tangu mwaka 1982, na kanuni wanayoifuata watengenezaji wa vivinjari katika kuhakiki barua pepe inaikubali mpaka leo. Kinachoikataa ni programu iliyotungwa na mtu, na mtu huyo aghalabu alikuwa na hofu yenye sababu yake: katika lugha ya hazina za kumbukumbu, ritifaa ndiyo inayofunga maandishi, na programu iliyoandikwa kwa uzembe, ikikutana na ritifaa ya Ng'ambo, hudhani maandishi yamekwisha na kwamba yaliyobaki ni amri. Wezi wa mtandaoni wameutumia mwanya huo kwa miaka mingi. Dawa yake inajulikana na ni rahisi, kwani hazina zote za leo zina njia ya kupokea maandishi kando na amri, hata herufi yoyote isiweze kudhuru. Lakini mwandishi wa programu mwenye haraka huona ni wepesi zaidi kuipiga marufuku alama kuliko kuirekebisha kazi yake. Kwa hivyo Wasukuma wenye majina yanayoanza kwa Ng'w, na ng'ombe wao, na mtaa wa mzee yule, wote huadhibiwa kwa kosa la mtu mwingine.

Tatizo lina tabaka jingine ambalo wachache wameliangalia. Ritifaa si alama moja ndani ya kompyuta. Zipo angalau tatu zinazofanana machoni. Ipo ile iliyonyooka, inayotoka kwenye kibodi. Ipo ile iliyopinda, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe bila kuulizwa. Na ipo ya tatu, ambayo wataalamu wa Unicode, orodha ya dunia ya herufi za kompyuta, waliitenga iwe herufi kamili wala si alama ya uakifishaji. Mtu aliyeandika ng'ombe kwa simu na mwingine aliyeandika neno hilohilo kwa kompyuta wanaweza wakawa wameandika, kwa hesabu ya mashine, maneno mawili tofauti, na programu ya kutafutia isiyofundishwa kuyasawazisha itamwambia mmoja wao kwamba anachokitafuta hakipo. Kwa lugha inayojivunia kuwa na imla moja tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, baada ya Kiunguja kuchaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, ni aibu kuwa na sauti moja iliyoandikwa kwa namna tatu zisizotambuana.

Linganisha na majirani zetu Waganda. Sauti ileile ambayo sisi tunaiandika ng' wao huiandika kwa herufi moja, ŋ, na kwa kuwa hiyo ni herufi halisi, kanuni za majina ya vikoa zinairuhusu bila shida. Wakikuyu nao wana ĩ na ũ, na Wakomoro katika imla yao ya Kilatini wana ɓ na ɗ, na zote hizo zinaweza kuwa jina la kikoa ikiwa sajili itataka. Mswahili, ambaye lugha yake ndiyo kubwa kuliko zote hizo, alichagua alama badala ya herufi, na kwa hilo amejikuta nje. Mlango mwembamba upo, nao ni ile ritifaa ya tatu, kwani kanuni za mwaka 2010 zinaihesabu kuwa herufi na sajili inaweza kuikubali chini ya kikoa chake; lakini haikubaliwi katika shina la intaneti, na vipo vivinjari vinavyokataa kuionyesha kwa kuwa inafanana mno na alama ya kunukuu. Kwa hukumu yangu, si busara kuupigania mlango huo leo. Ni bora kwanza ritifaa ikubaliwe mahali ambapo haijawahi kukatazwa.

Sasa tuje katika hati ya Kiarabu, ambayo ndiyo sehemu yenye utajiri zaidi katika suala hili, na ambayo Zanzibar haiwezi kuizungumza kama mgeni. Kiswahili kiliandikwa kwa hati hiyo karne nyingi kabla ya Kilatini. Zipo barua za watu wa Kilwa za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizohifadhiwa Goa mpaka leo. Hapa Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha chapa yake mwenyewe ya vitabu vya Kiarabu. Juu ya milango ya Mji Mkongwe maandishi ya nakshi bado yanasomeka, na katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, huko Kilimani, zimo hati nyingi za kale za khati hiyo. Hata katika zama ambazo skuli za serikali zilikwisha kufundisha kwa Kilatini, wako wazee wengi waliojifunza herufi chuoni kabla ya kujifunza nyingine yoyote, wakaendelea kuandika hesabu za duka na barua kwa watoto wao kutoka kulia kwenda kushoto.

Mtu akiuliza, basi, ni nini kinachozuia anwani ya Kiswahili kwa hati hiyo, jibu la haraka ni kwamba hakuna, kwa kuwa hati ya Kiarabu imeingizwa katika kanuni za shina tangu mwaka 2016, na Malaysia, ambao huandika Kimalay kwa Kilatini kama sisi na wana khati ya Jawi kama sisi tulivyo na yetu, wamekwisha kupata مليسيا. Lakini jibu la haraka halitoshi. Kiarabu ni lugha ambayo msomaji wake huijua irabu kutokana na mpangilio wa konsonanti, na kwa hivyo mwongozo uliotolewa mwaka 2010 kwa majina ya vikoa ya Kiarabu ulishauri fat-ha, kasra na dhamma ziachwe nje. Shauri hilo lina busara kwa Mwarabu, na lina madhara kwa Mswahili, kwa kuwa maneno yetu hushikiliwa na irabu kama nyumba inavyoshikiliwa na boriti. Chukua mfano mmoja: كيت, bila ya irabu, inaweza kusomwa kiti, keti, kite au kita, na hata ukizirudisha zile irabu za kale utaweza kuliondoa neno kita tu, kwa kuwa kasra ilitumika kwa i na e pamoja. Konsonanti nazo zilikuwa na ufinyu wao, maana waandishi wa kale walitumia ب kwa b na p na mb, ف kwa f na v, na غ kwa g na ng na ng', mpaka baadhi ya waandishi wa pwani wakaanza kuongeza nukta na kuazima پ na چ na nyinginezo.

Lipo jambo moja la kufurahisha ndani ya ugumu huu. Wamalay wana herufi ڠ, ambayo ni ع yenye nukta tatu juu yake, na sauti yake ndiyo hiyohiyo ya ng' yetu. Lau tungeiazima, Ng'ambo ingeandikwa ڠامبو, kwa herufi tupu zisizo na ritifaa, na jina ambalo Kilatini cha intaneti kinalikataa lingekubalika katika hati ya mababu. Lakini lau hiyo ni ndefu. Sajili iliyotunga jedwali lake la herufi kwa ajili ya Kiarabu pekee haina پ wala ڠ ndani yake. Kibodi ya Kiarabu katika simu nyingi haimpi mtu herufi hizo kwa wepesi. Na ك ya Kiarabu na ک ya Kiajemi, ambazo jicho huziona ni kitu kimoja katikati ya neno, mashine huzihesabu kuwa mbili. Jedwali la herufi za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, lenye uamuzi juu ya e na o, juu ya irabu zipi ziandikwe na zipi ziachwe, na juu ya jozi za herufi zinazofanana, haliwezi kutungwa California, yaliko makao ya wasimamizi wa shina la intaneti. Ni lazima litungwe na wenye lugha, na mahali pake pa haki ni hapa, ambapo pana Baraza la Kiswahili la Zanzibar lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, pana Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na pana makao ya Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Kevin Donnelly ametunga zana ziitwazo Andika! za kuandikia Kiswahili kwa hati ya Kiarabu katika kompyuta, ushahidi kwamba mashine ina uwezo. Uamuzi ndio ambao mashine haiwezi kuutoa.

Wapo wanaohofia udanganyifu, na hofu yao si ya bure. Mwaka 2017 mtafiti mmoja alisajili jina lililoandikwa kwa herufi za Kisirili ambalo katika baadhi ya vivinjari lilionekana kuwa ni apple.com, hata mtazamaji makini asingelitambua. Mwenye benki akisikia habari hiyo atasema heri herufi 26 na amani. Lakini hilo ni sawa na kuifunga bandari nzima kwa sababu jahazi moja lilileta magendo. Forodha ipo kwa kazi hiyo: sajili hukataza kuchanganya hati mbili katika jina moja, huzifunga pamoja herufi zinazofanana zisipewe watu wawili, na vivinjari vimefundishwa kuonyesha ile sura ya xn-- pale vinapotilia shaka. Na wanaolaghaiwa kwa Kiswahili leo hulaghaiwa kwa herufi za kawaida kabisa.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya wale wasemao kwamba wakati wa anwani umepita, kwa kuwa mwenye duka wa Mchangani huuza kwa WhatsApp na mwenye nyumba ya wageni wa Paje huwapata wageni kwa Instagram, na hakuna anayeandika jina la kikoa kwa vidole. Nawaheshimu wanaosema hivyo kwa sababu wanaeleza waliyoyaona. Lakini ukurasa katika jengo la mtu mwingine ni chumba cha kupanga, na mpangaji hutolewa kwa notisi. Jina la kikoa ni kiwanja chenye hati. Zaidi ya hayo, programu zilezile zinazohakiki anwani ndizo zinazohakiki jina la mgonjwa, la mwanafunzi na la shehia, na mazoea mabaya yaliyoanza katika sanduku la barua pepe huishia katika cheti cha kuzaliwa.

Ama kuhusu mkia wa anwani zetu, Zanzibar haina herufi zake mbili, kwa kuwa alama hizo hufuata orodha ya kimataifa ya nchi, nasi tumo ndani ya tz, iliyosajiliwa mwaka 1995 na ambayo leo iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Vikoa vilivyo chini yake, kama go kwa serikali, ac kwa vyuo, or kwa jumuiya na co kwa biashara, ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza, hata ofisi inayohudumia watu wa Makunduchi kwa Kiswahili safi huwa na mlango wenye kibao cha lugha nyingine. Jambo hili linaweza kurekebishwa kwa uamuzi wa hapa nchini bila kumuomba mtu idhini, maana sajili ya nchi ndiyo inayopanga ngazi zilizo chini yake, na vikoa vya Kiswahili vinaweza kuwekwa kando ya vile vya zamani pasipo kumvunjia mtu anwani yake.

Kinyume chake, kuomba kikoa kipya cha Kiswahili katika shina la dunia ni safari ya gharama. Katika mzunguko wa mwaka 2012 yalipokewa maombi 1,930, na kutoka Afrika nzima yalikuwa 17. Ada ilikuwa dola 185,000 kwa kila ombi, na kwa mzunguko uliopangwa kufunguliwa mwezi wa Aprili 2026 iliwekwa dola 227,000, ingawa ulikuwapo mpango wa kuwapunguzia wasio na uwezo. Ningekuwa na fedha hizo mkononi, nisingezitumia hapo kabla ya programu zetu wenyewe kuyakubali majina tuliyonayo, kwa kuwa kununua jina ambalo fomu za nyumbani zitalikataa ni kununua ngalawa na kuiacha juu ya mchanga.

Kazi iliyo karibu ni nyepesi na haijafanywa. Programu za ofisi za umma hapa hununuliwa kwa mkataba, na mkataba una masharti. Mamlaka ya Serikali Mtandao ya Zanzibar inaweza kuongeza sharti moja, kwamba hakuna programu itakayolipiwa mpaka imepita mtihani wa majina, na orodha ya mtihani huo ikatungwa na Baraza la Kiswahili pamoja na wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu. Waingize Ng'ambo kwa ritifaa iliyonyooka na kwa iliyopinda, kisha watafute moja na waone kama watapata zote mbili. Waingize jina la Kisukuma linaloanza kwa Ng'w. Waingize barua pepe yenye mkia wa africa, na nyingine yenye عمان upande wa kushoto kabisa, waone kama herufi zinasimama mahali pake au zinapinduka. Waipeleke barua, waisubiri ifike, waichapishe kwenye karatasi, na karatasi hiyo apewe mzee mmoja wa Ng'ambo aisome kwa sauti.